Kuutayarisha Mwili Kabla ya Kuingia Mieleka

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetupa nafasi tuseme machache juu ya darasa la mieleka na judo la vijana wetu, ambalo habari zake ziliwafikia wengi wenu kwa njia ya masikitiko kabla ya kuwafikia kwa njia ya taarifa. Twashukuru kwa nafasi hiyo. Hatukusimama hapa kujitetea, maana kosa lililotendeka ni la ofisi yetu, nasi tumekwisha kulikubali mbele ya Halmashauri. Tumesimama ili tueleze kosa lenyewe lilikuwa nini, tumejifunza nini kwalo, na twaomba mkutano huu uamue nini.

Darasa lilianza kwa furaha. Ukumbi ulikuwa ukikaa bure jioni za Jumanne na Alhamisi, vijana walikuwa wakiomba kazi ya kuwashughulisha, mwalimu akapatikana, na magodoro ya kuangukia yakaazimwa. Kazi yetu sisi wa ofisi ilikuwa kuandika majina daftarini. Tuliandika jina, umri na kiingilio, wala hatukuuliza neno lingine. Hatukuuliza kama kijana amekula mchana ule. Hatukuuliza kama ana maradhi, wala kama mwili wake umepata kufanya kazi yoyote ngumu tangu alipotoka shule.

Usiku wa nne kijana mmoja wa miaka 19 alishikwa ukosi, akainuliwa, na alipojiona anakwenda chini akaunyoosha mkono ili kuizuia sakafu. Mfupa wa kigasha ukavunjika. Mfuko wa Wagonjwa ulilipa gharama, lakini kijana alikosa kazi miezi miwili, na baba yake, ambaye ni mwanachama wa siku nyingi naye yupo hapa leo, akaleta barua akitaka darasa lifungwe. Ametupa ruhusa tuyaseme haya. Barua ile ilikuwa ya haki.

Tulikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Mzee alitupokea kwa adabu, akatupa chai, kisha akatuuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake usiku ule. Alisema, "Sisi tulipigana mieleka tangu utoto wetu, na hapakuwa na mtu wa kutufundisha mazoezi. Mbona mikono yetu haikuvunjika?"

Tulirudi kwa miguu tukilifikiri swali hilo. Na tulipolifikiri siku nyingi tuliona kwamba jibu la jambo zima limo ndani yake.

Wazee wetu, ni kweli kwamba hamkufundishwa mazoezi, lakini si kweli kwamba hamkuyafanya. Kijana wa siku zenu, kabla hajamshika mwenziwe mchangani kando ya mto, alikuwa amekwisha kupanda vilima nyuma ya ng'ombe miaka mingi. Alikuwa amelima kwa jembe la mkono, akapasua kuni, akabeba mizigo, akavuta ndama wasiotaka kwenda. Mkono wake ulijua kushika kwa sababu mpini wa jembe uliufundisha. Kiuno chake kilikuwa na nguvu kwa sababu hakikupumzika. Na kuanguka je? Alikuwa ameanguka majanini mara elfu akiwa mtoto, akicheza na watoto wenzake, wakati mwili ungali mwepesi na ardhi i karibu. Hayo yote yalikuwa mazoezi, ila hayakuitwa kwa jina hilo.

Sasa mtazameni kijana wetu wa mjini. Huamka, hupanda gari, husimama nyuma ya meza ya duka au huketi ofisini mpaka jioni, hurudi kwa gari. Hatumlaumu, kwa maana nasi tunaosema haya tumepita umri wa miaka thelathini tukiwa juu ya kiti, na kalamu ndiyo kitu kizito tulichokiinua kwa muda mrefu. Basi kijana huyo huja ukumbini saa kumi na mbili jioni, pengine hajala tangu asubuhi, naye hutiwa mikononi mwa mtu mwenye uzito wa kilo 80 atakayemwinua na kumbwaga. Mwili wake haujaulizwa neno miaka mitano, na jioni moja unaulizwa maneno yote kwa pamoja. Hapo ndipo tulipokosea.

Tulianza kutafuta habari za watu wengine wenye sifa ya mieleka, tuone wao hufanyaje. Wahindi wana mieleka yao ya kale inayopigwa katika kiwanja cha udongo uliolainishwa. Mpiganaji wao mashuhuri, aliyeitwa Gama, alizaliwa mwaka 1878, na mwaka 1910 alikwenda London akashindana na bingwa wa Kipolandi aitwaye Stanislaus Zbyszko kwa zaidi ya saa mbili bila mmoja kumshinda mwingine. Watu wa mieleka ile hawaanzi kwa kubwagana. Hujiinua kwa mikono kutoka chini, huchuchumaa na kuinuka mara nyingi sana, na udongo wa kiwanja huulima kwa majembe wao wenyewe kabla ya kushikana. Tulipoyasoma hayo tulimkumbuka Mzee wetu, kwani jembe limekutikana tena.

Wayunani wa kale nao walikuwa na Milo wa mji wa Croton, aliyeshinda mieleka ya Olimpiki mara sita. Husimuliwa kwamba alimbeba ndama kila siku, na kadiri ndama alivyokua ndivyo nguvu za Milo zilivyokua, hata siku moja akawa anambeba fahali. Hiki ni kisa, na kila mtu achukue anachoweza kuamini. Lakini maana yake ni ya kweli na madaktari wa leo huithibitisha: mwili hupata nguvu kwa mzigo unaozidi kidogo kidogo. Aliyeanza na fahali hakubeba kitu, alivunjika mgongo.

Na katika Kitabu cha Mwanzo twamsoma Yakobo aliyeshindana mweleka usiku kucha hata alfajiri, akatoka na baraka, lakini akatoka pia akichechemea kwa ajili ya nyonga yake. Wapiganaji wote wanajua kwamba viungo ndivyo vinavyolipa.

Lakini, Bwana Mwenyekiti, liko kosa la upande wa pili, nasi hatuna budi kulitaja, maana baada ya msiba ule wako walioshauri kwamba asiingie mtu darasani mpaka awe na nguvu kamili. Shauri hilo lina sura ya busara, nalo lingelifunga darasa kwa njia ya upole. Nguvu kamili haina siku ya kufika. Mtu husema, "Nitaanza nikipungua tumbo," na mwaka hupita. Tena walio dhaifu ndio wenye haja kubwa zaidi ya darasa hili.

Mwanzilishi wa judo mwenyewe ni shahidi. Kano Jigoro alizaliwa Japani mwaka 1860. Alikuwa mdogo wa umbo, na wanafunzi wenye nguvu walimwonea shuleni. Hakungoja mpaka awe jitu. Alitafuta walimu wa mapigano ya kale ya nchi yake, akajifunza, akachagua yaliyo bora na kuyaacha yaliyo ya hatari, na mwaka 1882 akafungua shule yake katika hekalu moja la Tokyo akiwa na wanafunzi wachache. Mwaka 1964 mchezo wake uliingia katika Olimpiki iliyofanyika mji ule ule wa Tokyo, na Mholanzi Anton Geesink akawashangaza Wajapani kwa kushinda shindano la uzito wowote. Kano alikuwa amefariki mwaka 1938, na kwa kazi yake alikuwa mwalimu wa shule. Alifundisha kwamba nguvu kidogo ikitumiwa vema hufanya kazi kubwa.

Jambo hilo tumeliona kwa macho yetu. Yuko mwanachama mmoja apakiaye magunia katika malori, mwenye mabega mapana kuliko mlango. Siku ya kwanza alidhani hakuna wa kumweza. Alimkamata mwenzake kwa nguvu zake zote, akajikaza mwili mzima, akasahau hata kupumua, na kabla dakika mbili hazijaisha alikuwa ameketi chini akihema. Nguvu alikuwa nayo, ila hakujua mahali pa kuitumia. Kwa hiyo hatusemi kwamba nguvu inachukua mahali pa ufundi. Twasema kwamba nguvu humlinda mwanafunzi ili apate muda wa kuufikia ufundi akiwa mzima.

Kwa hayo yote tuliona njia ya katikati, nayo ni wiki 12 za matayarisho, zenye kikomo kinachojulikana, ambamo mtu huujenga mwili na papo hapo hufundishwa kuanguka. Wiki hizo tulizifuata sisi wenyewe pamoja na wenzetu kumi na mmoja. Mpango wake ni huu.

Kwanza, maswali yaulizwe. Mwenye umri uliopita miaka 40, mwenye shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo, ngiri, au aliyepata kuumia shingo au mgongo, amwone daktari kabla ya kuanza. Hili si jambo la kuonewa haya.

Pili, katika wiki 4 za mwanzo hakuna kushikana hata kidogo. Mara tatu kwa wiki, na siku ya mapumziko katikati, watu hutembea kwa haraka nusu saa, kisha huchuchumaa na kuinuka mara 10, wakapumzika, wakarudia mpaka mara tatu. Hujisukuma kwa mikono, kwanza wakiegemea ukuta, wiki ifuatayo wakiegemea benchi, na mwisho sakafuni. Tena hulala kifudifudi wakajiinua juu ya vigasha na vidole vya miguu, mwili ukanyooka kama ubao, kwa muda wa sekunde 20. Mambo haya ni madogo. Lakini twakiri kwamba siku ya kwanza sekunde 20 zilitushinda, na asubuhi yake kushuka ngazi za ofisi kulikuwa kazi.

Tatu, katika wiki 4 za kati mzigo huingia. Hutumika vitu tulivyo navyo. Mtu hubeba madebe mawili, moja kila mkono, yakiwa na maji nusu, akatembea kutoka mlango wa ukumbi hata lango na kurudi, mgongo ukiwa wima. Debe lililojaa lina kilo 18 hivi, kwa hiyo maji huongezwa kidogo kila wiki. Hujivuta kwa mikono juu ya boriti, na asiyeweza huning'inia tu na kuhesabu. Wengine hutupa taulo juu ya boriti wakaning'inia kwalo, maana katika judo mtu hushika nguo nzito ya mwenzake, na vidole ndivyo vinavyochoka kwanza. Shingo nayo haisahauliwi. Mtu huweka kiganja pajini mwa uso, kisogoni na pande mbili za kichwa, akasukuma polepole bila kichwa kusogea. Ule mtindo wa kujipinda juu ya utosi ambao vijana huuona katika picha si wa mwanafunzi mpya.

Nne, katika wiki 4 za mwisho hufundishwa pumzi. Shindano la judo la watu wazima huchukua dakika 4, na likiwa sare huongezwa muda. Mieleka ya Olimpiki ina vipindi viwili vya dakika 3. Kwa hiyo mtu huruka kamba au hukimbia kilima kwa nguvu dakika moja, akapumzika dakika moja, akarudia. Kutembea polepole saa nzima ni kuzuri kwa afya, lakini hakumtayarishi mtu kwa dakika moja ya kusukumana.

Tano, na hili ndilo kubwa, tangu wiki ya pili kila mtu hujifunza kuanguka. Mtu huanza akiwa amechuchumaa, si amesimama. Kidevu hushikwa kifuani ili kisogo kisipige chini, mgongo huviringwa, pumzi hutolewa, na mkono mzima hupiga godoro kwa ubapa wake pembeni mwa mwili. Mkono hauendi kuizuia ardhi kamwe. Kijana wetu hakuvunjika kwa sababu ya udhaifu peke yake. Alivunjika kwa sababu hakuna aliyemfundisha kuanguka, na kufundisha huko kulihitaji jioni chache tu ambazo sisi hatukumpa.

Wako watakaouliza kwa nini wiki 12, na si tatu. Misuli huanza kuitika upesi, na baada ya wiki chache mtu hujisikia ameongezeka nguvu. Lakini kano zinazoshika misuli na mifupa hukaza polepole zaidi, nazo hazitoi taarifa. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa mtu hujiona yu tayari naye bado. Maumivu ya misuli ya siku moja au mbili baada ya kazi si neno. Lakini maumivu makali ndani ya kiungo, ganzi mkononi, au kubanwa kifua ni amri ya kuacha mara moja na kumwona daktari.

Juu ya chakula tutasema kwa ufupi. Mtu asije darasani na njaa, wala asije ametoka mezani sasa hivi. Githeri, ugali na maharagwe, omena, mayai na maziwa vyatosha kujenga mwili, na usingizi ni nusu ya chakula. Kucha zikatwe na mwili uoshwe, maana choa hupenda watu wanaogusana.

Sasa matokeo. Katika watu 12 tulioanza, watatu waliacha, wawili kwa sababu ya kazi za usiku na mmoja kwa uchovu. Tisa walimaliza wakaingia magodoroni. Tangu hapo mmoja ametegua kidole na mwingine ameumia goti kwa wiki mbili, mfupa haujavunjika. Hatudai kwamba hesabu ndogo kama hii ni uthibitisho, wala mieleka haitakuwa mchezo usio na maumivu. Ila twaweza kuwaambia kwamba safari hii hatukumpeleka mtu mahali ambapo hatukumtayarisha.

Kuna jambo moja ambalo hatukulipanga. Kijana yule, mkono wake ulipokuwa bado umefungwa, alianza kuja na kuketi karibu na mlango, akatuhesabia sekunde. Daktari alipomruhusu alianza wiki ya kwanza pamoja na kundi la pili, akiegemea ukuta kama sisi tulivyoegemea. Jioni moja baba yake alikuja bila kutuarifu. Alisimama nyuma akatazama vijana wakibeba madebe kwenda langoni na kurudi. Hakusema neno mpaka mwisho. Kisha alimwendea mmoja wao akamrekebisha mshiko, akamwambia, "Usilibebe kwa vidole, libebe kwa mgongo." Barua yake ingali katika jalada letu, naye hajaifuta. Alituambia kwamba ataifuta siku atakapoona majibu ya mkutano huu, na hiyo ni haki yake.

Kwa hiyo, kwa niaba ya Halmashauri, twaomba mkutano uamue mambo manne. Kwanza, asiandikishwe mtu darasani bila maswali ya afya kuulizwa na kujibiwa katika daftari. Pili, wiki 12 za matayarisho ziwe sharti kwa kila mgeni, lakini asikataliwe mtu kwa sababu ya udhaifu. Tatu, hazina inunue magodoro yetu wenyewe, kwa kuwa yale ya kuazima yamekwisha kuwa membamba. Nne, wazee wanaoijua mieleka ya nyumbani waalikwe waje kufundisha walichonacho, kabla hakijapotea pamoja nao.

Nasi twaongeza neno kwa wazee wenyewe. Shirika la Afya Duniani katika maagizo yake ya mwaka 2020 liliwashauri watu wazima wote, na walio na miaka 65 na zaidi wakiwamo, kujizoeza kwa wastani dakika 150 au zaidi kila wiki, na kuitia misuli kazi siku mbili au zaidi. Kwa wazee liliongeza mazoezi ya kusimama imara, kwa sababu kuanguka ni adui wa mzee kuliko wa kijana. Hatuwaiti kubwagana. Twawaita kutembea pamoja nasi nusu saa jioni ya Jumanne, na kuchuchumaa mara chache mkishika kiti.

Kano aliwaachia wanafunzi wake mafundisho mawili. La kwanza ni kuitumia nguvu vema. La pili ni kwamba mtu na mwenziwe wastawi pamoja. Tulipolisoma hilo la pili tuliona kwamba ni shabaha ile ile iliyokiunda chama chetu. Katika mieleka mtu hujifunza kwa mwili wa mwenziwe. Akimvunja, kesho hana wa kujifunza naye. Chama kilimpokea kijana yule kiingilio chake kikamwacha aanguke peke yake. Twaomba mtupe ruhusa ya kutorudia.

Maswali yenu twayangoja.

Sisi, wenu katika kazi ya Chama,
Karani